Ng'ombe wa Fainali D

Nilijua habari ya fainali D siku kumi kabla baba yangu hajachinja ng'ombe. Naliweka hili mwanzoni kabisa ili asije mtu akanionea huruma huko mbele. Nina roho mbaya. Nimeambiwa hivyo tangu mdogo, na wengi walioniambia hawakukosea.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike, huko Iyula kwenye kahawa. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili. Baba hakunifukuza shule wala hakunishikia fimbo. Alisema tu, "Mwanangu, wewe ndiye mkubwa," na mimi nikaelewa. Nikapika, nikachuma, nikamenya kahawa. Ile mashine ya mkono ya kumenyea kahawa mbivu tuliizungusha wawili, mmoja kwenye mpini, mwingine anamimina kahawa na maji. Na nataka hili lijulikane: mwenye nguvu nilikuwa mimi. Ndoo tano nazungusha bila kupumua, yeye ya pili tu ameshakaa chini anahema. Nikamwambia, "Wewe mlegevu, hata maji hutaweza kuyavuta kisimani." Akacheka. Alikuwa na tabia hiyo ya kuchekea matusi.

Basi huyo mlegevu akasoma, akafaulu, akaenda chuo cha ualimu kule kanda ya ziwa. Huko akakutana na kocha wa makasia. Kocha alikuwa anatafuta wasichana warefu wenye mgongo, akawakalisha kwenye mashine fulani ya kuvuta kamba, mmoja mmoja, anaandika. Mdogo wangu akavuta kuliko wote. Aliponipigia simu kunieleza alikuwa anapiga kelele kama kaokota almasi. "Dada, ni ile mashine yetu ya kahawa! Ile ile! Wenzangu wote wamechoka, mimi hata jasho sina!"

Nikamwambia hongera. Nilipokata simu nilikaa chini kwenye majora ya vitenge, nikalia kwa hasira. Mashine yetu! Yetu, eti!

Wakati huo nilikuwa nimeshapata duka langu Tunduma, si mbali na mpaka. Nauza vitenge, wateja wangu wengi ni akina mama wa Zambia, tunasalimiana kwa mulishani bamayo na kuvutana bei kwa lugha tatu. Jumatatu mpaka Jumamosi nilikuwa mtu. Jumapili nilikuwa mali ya baba. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, shamba haliendi, na mwenye kupanda gari alfajiri mpaka Mlowo, kisha pikipiki mpaka Iyula, kufua, kupalilia, kumenya kahawa, nilikuwa mimi. Miaka sita. Sikunyamaza, usidhani. Kila nikifika nilianza kulalamika mlangoni: "Jumapili zangu zote zimeliwa na kahawa yenu! Wenzangu wanaenda harusini, mimi naja kunusa maganda!" Baba alikuwa ananijibu kwa upole, "Vumilia, mama. Mdogo wako akimaliza atarudi mkae zamu."

Lakini mdogo wangu alipomaliza chuo hakurudi. Akaja mara moja tu, kuomba ruhusa. Alikaa kwenye mkeka mbele ya baba, magoti pamoja, akasema anataka kubaki kambini miaka miwili ajaribu kufika mashindano ya dunia ya makasia. Baba hakujua makasia ya mashindano ni kitu gani. Alichojua ni mitumbwi ya Ziwa Rukwa, aliyoiona ujanani alipokwenda kununua samaki kule ng'ambo ya Galula, na aliona si kazi ya binti aliyesomeshwa. Kisha akasema neno ambalo ndilo shina la mambo yote.

"Nenda. Ukifika huko kwenye dunia ukafanya kitu cha kuonekana, endelea, sitakuzuia tena mpaka nife. Usipofanya, unarudi hapa, unashika shamba, dada yako apumzike. Na kama umefanya au hukufanya, mimi mambo ya mtandaoni siyajui, simu yangu ni hii ya tochi. Dada yako ndiye atakayeniambia. Yeye ndiye macho yangu."

Mdogo wangu akanigeukia akiwa na furaha yote usoni. Mimi nikatazama pembeni. Palepale nilishapiga hesabu yangu ya Jumapili.

Miaka miwili ikapita. Akafuzu, akapelekwa Ulaya, mtu mmoja kwenye boti nyembamba ya makasia mawili. Alinitumia picha ya hiyo boti. Mungu wangu, ni kijiti! Ukikohoa unazama. Akanieleza kwamba anayepiga makasia anakaa ameupa mgongo upande anakokwenda. Anaona alikotoka tu. "Kwa hiyo ukiwa wa mwisho, dada, humwoni mtu, unaona maji matupu. Ukiongoza unawaona wote, migongo yao kabisa." Nikamjibu kwa ufupi kwamba nina wateja.

Siku ya matokeo, mchana, nimekaa dukani, ukaingia ujumbe wake wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi kiasi kwamba naweza kuutamka wote hapa. Alikuwa anahema.

"Dada, nimeshinda fainali D! Sikiliza, umweleze baba vizuri, nakuomba. Fainali ziko nyingi. Ya A ndiyo ya sita bora, hao ndio wanaogombea medali. Inafuata B, halafu C, halafu D yangu. Nimekuwa wa kwanza kwenye D, maana yake katika wanawake wote wa dunia mimi ni wa kumi na tisa. Mara yangu ya kwanza! Kocha analia hapa. Medali sina, usimwambie nina medali. Mwambie tu wa kumi na tisa, mweleze mpaka aelewe. Wewe ndiye unayejua kusema naye, mimi nikipiga simu nitalia tu."

Nikaangalia kwenye simu, nikaiona orodha. Dhahabu, fedha na shaba zilikwenda kwa mataifa ya wenzetu waliozaliwa ndani ya boti. Nikashuka chini, chini, nikaikuta bendera yetu juu ya fainali D. Aliyemfuata, wa pili yake, alikuwa msichana kutoka nchi ndogo ya kisiwani, wamepishana kidogo sana.

Ningeweza kumweleza baba. Baba si mjinga. Ningemwambia, "Baba, dunia nzima, wa kumi na tisa," angeuliza maswali mawili matatu, angepiga makofi, angesema aendelee. Nami ningeendelea kunusa maganda ya kahawa kila Jumapili mpaka nizeeke. Na nisijifiche nyuma ya Jumapili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipoiona ile bendera nilijiona mimi pale, mikono yangu mimi. Nikasema moyoni, hii nafasi ni ya kwangu, kaikalia mlegevu.

Jumapili nikafika Iyula. Baba akaniuliza kabla sijatua mkoba, "Vipi mwenzio?"

Nikasema, "Amekuwa wa kwanza kwenye fainali, baba."

Hayo tu. Nenda rudi utakavyo, hakuna neno la uongo humo. Uovu wangu wote uliingia mlemle. Baba ni mtu wa mpira, husikiliza redioni. Kwake fainali ni moja, na aliyeishinda kabeba kombe. Akasimama kwa ile miguu yake iliyovimba, akaanza kucheka na kulia pamoja. "Binti yangu! Fainali! Dunia!" Akataka simu yangu ampigie. Nikamwambia huko hawapatikani, wanapongezwa. Nilitegemea nini? Nilitegemea kwamba atajivuna kwa jirani wawili, kisha ukweli utakuja, ataona aibu kidogo, atakasirika, atamrudisha nyumbani. Sikumjua baba yangu, pamoja na Jumapili zote zile.

Alikwenda kwa mchungaji siku hiyo hiyo. Ikatangazwa kanisani. Ikatangazwa mnadani. Wenye simu za kugusa kijijini walikuwapo, lakini nani atafute makasia? Mashabiki wa makasia Mbozi nzima tulikuwa mmoja, na mmoja huyo nilikuwa nimefunga mdomo. Katikati ya juma baba akanipigia: anachinja yule ng'ombe mwekundu. Ng'ombe aliyekuwa anamtunza kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe, maana alishasema hataki watoto wake waombeombe siku hiyo. Nikaishika simu sikioni. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Baba, subiri kwanza." Mteja akaingia, akauliza bei ya kitenge cha bluu. Nikamtajia.

Mdogo wangu alishuka basi Mlowo siku ya Jumamosi. Pikipiki zaidi ya ishirini zilikuwa zinamsubiri, zimefungwa matawi ya kahawa kwenye taa. Wakamvika shada la majani shingoni, wakampandisha pikipiki ya mbele. Mimi nilikuwa ya nyuma yake. Tulipopunguza mwendo kwenye daraja akageuka, macho yamejaa machozi, akanipigia kelele kushinda honi.

"Dada! Umewaelezaje hawa mpaka wakaelewa? Wa kumi na tisa na wanakuja wote hivi! Sikutegemea! Asante, dada yangu!"

Nikamwambia, "Baba anakusubiri." Na tukaendelea.

Sasa nieleze desturi ya ukoo wetu, asiyeijua hataona ubaya wa kilichofuata. Mtoto akirudi na kitu cha heshima, mzazi hakipokei amesimama. Anakaa kwenye kigoda uwanjani, anavua kofia, anatandaza mikono miwili magotini, viganja juu. Mtoto anapiga goti anakiweka kile kitu mikononi. Mzazi anakiinua watu wakione. Kabla ya hapo nyama haigawiwi, hata kama imeiva mpaka inaachana na mfupa.

Baba alikuwa amekaa tayari. Shati jeupe, kofia chini pembeni, kipara kinang'aa juani. Mikono imetandazwa. Watu kijiji kizima, kwaya imenyamaza, masufuria yanatoa mvuke. Mdogo wangu akapita katikati yao akitabasamu, akapiga goti. Kisha akaiona mikono.

Nilimwona akielewa. Hakugeuka kunitazama mara moja. Alijipapasa, mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, kama mtu aliyepoteza nauli. Mwisho akaivua shingoni, chini ya lile shada, kamba yenye kile kitambulisho cha plastiki walichokuwa wanavaa mashindanoni, chenye picha yake na bendera. Akakiweka mikononi mwa baba.

Baba akakiinua. Watu wakapiga vigelegele, maana kwa mbali kilikuwa kinang'aa. Akakishusha, akakigeuza, akakigeuza tena. Mzee mmoja, jirani yetu, fundi cherehani mwenye mdomo mpana, akasogea na miwani yake, akasoma kwa sauti ili wote wanufaike.

"Hii mbona ni kitambulisho? Hata mlinzi wa benki anacho."

Kicheko kilianzia kwa vijana wa pikipiki, kikaja kwa akina mama, kikafika mpaka kwenye kwaya. Mdogo wangu akajaribu. "Baba, fainali ziko nyingi, mimi nilikuwa ya D, nimekuwa wa kumi na..." Fundi cherehani akamkata. "Fainali nyingi! Hata sisi hapa tuna fainali yetu ya kula!" Watu hoi. Kuna mama aliyecheka mpaka akakaa chini.

Baba alisubiri wamalize kucheka. Akasema taratibu, na wote walisikia, "Kwa hiyo nimemwua ng'ombe wangu kwa ajili ya kitambulisho."

Hapo ndipo mdogo wangu aliponigeukia. "Dada, hukumwambia?"

Macho yote kwangu. Nikajikaza. Nikasema kwa sauti kavu, "Nilimwambia ulichoniambia. Si ulisema umekuwa wa kwanza?"

Akatia mkono mfukoni, akatoa simu. Akaiwasha. Nikatazama njia ya kutokea, maana ile sauti yake ilikuwa humo, yote, na angebonyeza mara moja tu kijiji kingenila mimi badala ya ng'ombe. Aliitazama ile simu. Akamtazama baba, kipara, mikono bado imetandazwa na kile kiplastiki. Akairudisha simu mfukoni.

Nyama ililiwa. Usidhani watu walisusa, walikula mpaka supu. Na baba akatoa hukumu yake palepale wakiwa wanakula: binti harudi tena kwenye maji, anabaki, anashika shamba. Jikoni, tunaosha masufuria, nilimwuliza mdogo wangu kwa nini hakuicheza ile sauti. Alisugua sufuria mpaka likatakata ndipo akajibu.

"Baba alikuwa ameshavua kofia. Ameaibishwa na mtoto mmoja mbele za watu. Nimwongezee na wa pili?"

Sikumwomba msamaha. Wiki mbili baadaye kocha akapiga simu kwenye namba yangu, ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu ya ndugu wa karibu, maana mwenzangu alikuwa hapokei. Akasema nafasi ipo, boti ipo, mwambie arudi. Nikamjibu, "Ameamua kukaa nyumbani, kocha. Msimsumbue." Hili hawalijui nyumbani mpaka leo.

Kijijini wakampa jina, wakamwita Fainali. Akienda kisimani: Fainali huyo. Akiingia kanisani: sogea Fainali apite. Alikuwa anaitika. Na mimi nikapata Jumapili zangu. Nikaenda harusi nilizozililia, nikakaa kwenye viti vya plastiki nikila pilau ya watu, na nilifurahi. Niseme ukweli wangu, mwaka mzima nililala usingizi mzuri.

Mwaka uliofuata, msimu wa kahawa, baba akaomba nije siku moja kusaidia, mavuno yalikuwa makubwa. Juma hilohilo mashindano yalikuwa yamekwisha tena. Nilikuwa nimeyatazama matokeo dukani, sijui kwa nini, kidole kilikwenda chenyewe. Dhahabu, fedha. Kwenye shaba nikaisoma mara tatu. Alikuwa yule msichana wa kisiwani. Yule wa pili wa fainali D.

Nikafika Iyula nikiwa nimeamua kunyamaza. Baba alikuwa kwenye kigoda chake kivulini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mdogo wangu alikuwa kwenye mpini, anazungusha. Mikono yake ilikuwa imekuwa minene kuliko yangu. Nikaanza kumimina kahawa na maji. Tulifanya kazi kama saa nzima. Baba, kwa kutaka maongezi tu, akasema, "Hivi yale mashindano ya makasia, mwaka huu yalikuwapo?"

Nikasema, "Sijui, baba."

Mdogo wangu hakusimamisha mpini. "Yalikuwapo. Shaba imechukuliwa na msichana mmoja ninayemfahamu."

"Unamfahamu wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu, baba. Kwenye ile fainali D. Kule mtu unakaa umeelekea nyuma, kwa hiyo niliutazama mgongo wake mbio nzima, toka mwanzo mpaka mwisho. Nilimsikia analia anavuta. Hakunipata."

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye maganda. Baba akatoa mguu mmoja kwenye beseni, halafu wa pili. "Aliyekuwa nyuma yako," akasema, "leo ana medali ya dunia."

"Ndiyo, baba."

"Ina maana wewe siku ile..." Akaacha. Akahesabu kwa midomo bila sauti. Kisha akavua kofia. Akatandaza mikono yake magotini, viganja juu, na akanigeukia mimi.

"Wewe mkubwa. Nipe hiyo simu niione."

Nikapiga goti, sikuwa na jinsi nyingine. Nikafungua picha ya yule msichana na shaba yake, nikaiweka simu mikononi mwake. Aliitazama. Akaniuliza, hajainua kichwa, "Ulijua zile fainali zilivyo?"

Nikamtazama mdogo wangu. Safari hii alikuwa ameuacha mpini, na hakunisaidia.

"Nilijua, baba. Alinieleza zote."

Sikupigwa, sikutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningeyaweza. Baba alinirudishia simu kwa mkono mmoja, kama unavyompa mtu asiye wako, akavaa kofia.

"Ulizililia sana Jumapili zako," akasema. "Nimekupa zote. Hata nikifa ikiwa Jumapili, usije."

Leo ni Jumapili. Duka nimefunga, mtaa mzima wako kanisani au harusini, na mimi nimekaa hapa Tunduma na sina pa kwenda.